Kompyuta ya Bibi Dereva

Kila siku saa kumi alasiri, Bibi Dereva huvaa miwani na kuketi mbele ya skrini. Aliendesha malori kwa miaka thelathini. Sasa magoti yamegoma, hata ngazi hapandi. Basi huendesha lori la kwenye mchezo wa kompyuta, pamoja na madereva wenzake wa zamani, kila mmoja akiwa nyumbani kwake. Hiyo ndiyo barabara pekee aliyobaki nayo.

Jumapili moja walikuwa wanapanda mlima. Ghafla skrini ikawa nyeusi. Kompyuta ikajizima, kisha ikajiwasha yenyewe.

"Tena!" Bibi alifoka. "Mara ya tatu wiki hii!"

Mwanawe ni mwalimu mkuu. Aliona aibu mama yake kucheza mchezo. Ndiyo maana alilificha sanduku la kompyuta ndani ya kabati la vyombo. Skrini tu ilikaa nje, kama televisheni.

"Mama, huu si umri wa michezo," alisema. "Nakupa hadi Jumamosi. Isipopona, naipeleka shuleni."

"Thubutu! Utatubeba sote wawili, mimi nikiwa nimeikumbatia."

Mkwewe Bibi, mke wa mwalimu, alicheka kimyakimya, akaenda kumwita jirani, dada fundi wa kompyuta.

"Tusibahatishe," alisema yule dada. "Tunabadili kitu kimoja kimoja. Tukibadili vitatu kwa pamoja, hatutajua kosa lilikuwa wapi."

Alianza na umeme. Kompyuta ilitumia waya mmoja na friji. Akaichomeka peke yake ukutani.

"Ikijizima tena, Bibi, andika siku, saa, na nani yuko nyumbani. Isipojizima, andika pia."

Ijumaa asubuhi fundi alirudi, akasoma karatasi kwa sauti. Jumatatu mwalimu hayupo, haikujizima. Jumanne yupo, ilijizima. Jumatano hayupo, haikujizima. Alhamisi yupo, ilijizima.

"Kwa hiyo inamchukia mwanangu," Bibi alisema. "Ina akili kuliko nilivyodhani."

"Mwalimu asipokuwepo, nini hubadilika hapa?" fundi aliuliza.

Mkwe aliinamisha uso. "Nachukua sahani, naacha mlango wa kabati wazi. Yeye akirudi, anaufunga."

Fundi aliwasha mchezo na kufunga kabati. Baada ya nusu saa aliufungua mlango. Joto likawapiga usoni.

"Huyu hapa mchawi wenu. Kompyuta ikifanya kazi nzito, inapata joto. Feni zinalisukuma nje, lakini humu linazunguka tu. Likizidi, inajizima ili isiungue."

Aliizima, akachomoa waya ukutani, akaiacha ipoe. Kisha akafungua ubavu wake. Vumbi lilikuwa limejaa tele. Alilitoa kwa brashi laini, kavu, huku ameshika feni kwa kidole isizunguke.

"Kitambaa chenye maji ni marufuku," alionya.

Jioni mwalimu alisimuliwa yote. "Basi tuirudishe, tuache mlango wazi kidogo," alisema.

"Hairudi kabatini," Bibi alijibu. "Inakaa mezani, sebuleni, kwenye hewa."

"Na wageni, Mama?"

"Waone! Nilipoanza kushika usukani walinicheka mpaka wakachoka. Sikujificha wakati ule, nitajificha leo nyumbani kwangu?"



Jumamosi walimu wenzake walikuja kumtembelea. Walikuta sanduku mezani, feni zikivuma, na lori likipanda ule mlima. Saa nzima ilipita. Saa ya pili ikapita. Kompyuta haikujizima hata mara moja.

Wageni walisogea, wakaizunguka meza. "Nani huyu anaendesha hivi?" mmoja aliuliza.

Mwalimu alikohoa. Akamtazama mama yake, mgongo umenyooka, macho barabarani.

"Ni mama yangu," alisema. "Ni dereva."

Bibi alisikia, akafurahi sana. Lakini hakugeuka, maana kulikuwa na kona kali.

"Sogeeni nyuma kidogo," alisema. "Mnaizibia hewa."