Sikukuu Ikiisha, Nitatuma Watu

— Sikukuu ikiisha, Mukashyaka. Wallahi, ikiisha tu, namutuma mujomba kwa baba yako.

— Sikukuu gani, Dauda? Ya mwaka huu ao ya mwaka ujao?

— We unapenda kunitania.

— Mi sitanii! Mwaka wa hamsini na ine ulisema hivi hivi, hapa hapa. Mwaka wa hamsini na tano, hivi hivi. Sasa tuko hamsini na sita. Mi naoza hapa kwa muchanga!

Dauda alikuwa amesimama juu ya jukwaa, kipaza sauti mkononi, mimi niko chini, jua la Agosti linanichoma utosi. Nyuma yake Muhamadi, fundi wa mbao, alikuwa akipigilia misumari bila kusema neno, kama kawaida yake.

Kila kiangazi Gisenyi ilikuwa na wiki yake ya sikukuu kando ya ziwa. Ngoma za vikundi kutoka Nengo mpaka Rubona, mashindano ya mitumbwi, michezo ya kuigiza, na wazungu chini ya hema wakipiga makofi bila kuelewa hata neno moja. Katikati ya vurugu hiyo yote alikuwa Dauda wangu. Yeye ndiye aliyewaita wachezaji, yeye ndiye aliyewavunja watu mbavu kwa vichekesho. Mdomo wake ulikuwa mali ya mji mzima.

Hata posa za watu zilikuwa zake. Kwetu mtaa wa Waswahili, mwanaume hajiombei mke. Anakaa pembeni, macho chini, na mshenga ndiye anayesema. Dauda alikuwa ameshawaombea wanaume kumi na mmoja, na hakuna baba aliyemkatalia. Tena jina la binti hufichwa mpaka mlangoni, wenye kijicho wasije wakaharibu. Yeye alikuwa anajivunia jambo hilo.

— Munionyeshe mulango tu, alikuwa anasema. Maneno niko nayo tumboni.

Maneno ya kila mtu, isipokuwa yangu.

— Dauda! mtu akaita kutoka upande wa hema. Watu wa Nengo wanagombana juu ya zamu!

— Nakuja! Mukashyaka, unaona mwenyewe. Tutaongea.

Akaruka chini, akaenda. Nilibaki pale pale, nimejaa hasira. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Wadogo zangu wawili walikuwa wameshaolewa, na baba yangu, Fundi Abdu mshona kanzu, alikuwa ameacha hata kuniuliza.

Nyundo ikanyamaza. Muhamadi akashuka, akajifuta mikono kwenye suruali.

— Dada, samahani. Nimesikia.

— Kila mutu amesikia.

— Mi niko na miaka mbili nakuangalia. Nikituma watu kwenu, utanifukuza?

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulinizuia.

— Muhamadi, sitakudanganya. Mi nampenda ule mutu. Siku akifungua kinywa mbele ya baba yangu, naenda naye.

— Najua.

— Sasa unataka nini?

— Bon, sawa. Tumupe hiyo siku. Nitamuomba yeye awe mushenga wangu. Sitamuambia ni mulango gani.

— Yewe! Uko na wazimu?

— Hapana. Nimechoka, kama we. Akisema neno lake, mi narudi kwetu, sitakusumbua tena. Asiposema, unanipa jibu langu.

Sikuwahi kumsikia mtu huyu akisema maneno mengi hivyo. Nikakubali. Msinilaumu. Ningekubali chochote wiki ile.

Hata hivyo, Dauda sikumtega gizani. Siku ya Alhamisi nilimpa rafiki yangu Nyiraneza barua ampelekee:

“Dauda, Jumapili alasiri baba iko nyumbani. Leta mujomba wako. Sitaomba tena.”

Jibu lilirudi kabla ya magharibi:

“Mukashyaka wangu, Jumapili asubuhi kuna mitumbwi. Alasiri nimeshachukuliwa, kuna posa ya mutu pahali fulani. Kesho ngoma, Jumamosi mchezo wa kuigiza. Usikasirike, mupenzi. Sikukuu ikiisha. Wako, Dauda.”

Nyiraneza aliisoma juu ya bega langu.

— Hii ni barua ya mapenzi ao ni programu ya sikukuu?

Nililia usiku kucha, kisha asubuhi nikaenda kuimba na kikundi chetu juu ya jukwaa lile lile. Dauda alinitambulisha kwa watu kwa maneno matamu mpaka wanawake wakapiga vigelegele. Nilitamani kumpiga kwa kile kipaza sauti.

Jumapili alasiri wageni wakafika. Mimi na Nyiraneza tulikuwa nyuma ya pazia, jicho kwenye tundu. Wazee wa Muhamadi waliingia kwanza, kisha Muhamadi mwenyewe, akakaa pembeni karibu na mlango. Dauda alikuwa wa mwisho, kanzu nyeupe, bado anacheka na mtu wa nje; kwetu hakuwa amewahi kufika.

Akaona sura ya baba yangu. Kicheko kikakatika.

— Karibu, Dauda, baba akasema. Mbona unasimama? Kaa.

Akakaa. Chai ikaletwa. Akanywa kikombe chote bila kuinua macho, jasho linamtiririka. Watu wakangoja. Mjomba wa Muhamadi akamgusa kiwiko.

— Dauda, sema basi. Tumekuleta hapa uangalie vikombe?

— Ndiyo... ndiyo. Muzee Abdu, salaam aleikum. Sisi... tumekuja.

Sauti ilikuwa imepasuka. Mzee mmoja akasema:

— Leo mushenga amemeza musumari wa fundi!

Watu wakacheka. Na hapo, jamani, nilimwona Dauda akiinua kichwa. Kicheko cha watu kilimwamsha. Akaweka kikombe chini, akajibu kwa kichekesho, wakacheka zaidi. Akanyoosha mgongo.

— Muzee Abdu, wiki nzima mji umecheza juu ya mbao. Nani alizipigilia? Iko mutu hapa asiyejua kusema. Lakini miguu mia imeruka juu ya kazi yake, hakuna hata moja iliyozama! Mutu kama huyo akijenga nyumba, binti yako atalala bila kusikia upepo.

— Eeeh! wazee wakaitika.

Aliendelea hivyo. Alisema vizuri. Kila sifa aliyompa Muhamadi ilikuwa ya kweli, na kila moja ilinichoma. Miaka mitatu nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kutoka kinywa hicho, mbele ya baba huyo, ndani ya nyumba hii.

Kisha baba akainua mkono. Kuna swali ambalo kila baba wa mtaa wetu lazima aulize.

— Dauda, kabla sijakujibu. Iko mutu mwengine aliyeweka neno kwa huyu binti? Kama unamujua, umutaje hapa, tusigombane kesho.

Nyiraneza alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Muhamadi aliinua macho kwa mara ya kwanza, akamtazama Dauda moja kwa moja.

Dauda alitazama pazia. Alijua nipo. Moyoni nilikuwa namsihi: sema. Sema vibaya, sema kwa kigugumizi, piga magoti, sema tu!

Kisha akawatazama watu. Ukumbi umejaa, shingo zimenyooshwa, wote wanangoja neno la mwisho la mshenga asiyeshindwa.

— Muzee Abdu, akasema, kama iko mutu alitutangulia, basi alilala njiani! Sisi ndio tumefika!

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Baba akajipiga paja. Na Dauda naye akacheka. Nawaambia kitu ambacho mpaka leo kinaniuma: kwa dakika ile, alikuwa na furaha.

Shangazi akaja nyuma ya pazia.

— Mwanangu, baba yako anauliza jibu.

— Muambie nimekubali.

— Na hayo machozi?

— Ni hasira, shangazi. Muambie nimekubali.

Wageni walipokuwa wanakula, Dauda alinifuata uani, kanzu imelowa mgongoni.

— Mukashyaka! Umefanya nini? Rudi ndani useme hautaki!

— We ndiye uliniomba, Dauda. Uliniomba vizuri sana.

— Ile ni kazi! Mi nilikuwa nasemea mutu!

— Baba alikuuliza.

— Ningesema nini mbele ya watu wote wale? Niharibu posa iko mikononi mwangu? Nani angeniita tena?

Nadhani hapo aliyasikia maneno yake mwenyewe.

— Hakuna, nikamwambia. Hakuna mutu angekuita tena. Na mi ningekuwa muke wako.

Akapita mlango wa nyuma, akaenda zake. Sikumwita. Nilitaka kumwita, sifichi, lakini sikumwita.

Wazee walipoaga, Muhamadi alibaki nyuma kidogo karibu na mlango.

— Kama angesema? akauliza.

— Ningeenda naye.

— Ndiyo. Nilimuambia mujomba wangu asifurahi mapema.

— Sasa kwa nini ulimuleta? Ungeleta mushenga mwengine, ungenipata tu. Mi nilikuwa nimechoka vya kutosha.

Alifikiri. Yeye hufikiri kabla ya kusema, jambo ambalo lilinichukua muda kulizoea.

— Sikutaka muke anakaa na mi, sikio moja linamungojea ule. Ilifaa umusikie kwanza mpaka mwisho.

Sikuwa nimempenda bado, na sikumwambia kwamba nampenda. Nilimuuliza tu swali lililokuwa limenikaa rohoni tangu mwaka wa hamsini na nne.

— Ndoa ni lini?

— Ijumaa.

— Ijumaa gani, Muhamadi?

Akanitazama kana kwamba hakuelewa swali.

— Hii. Si iko moja tu inakuja?

Nikajifunika uso kwa mtandio, nikalia upya, mbele yake, bila aibu. Ijumaa ilipofika, tukafunga ndoa.