Dagaa wa Mbalamwezi

Saa mbili asubuhi, Agosti 2015, Safina aliwasha kompyuta yake pale Ujiji akapiga yowe. Mchezo wa video wa kuvua dagaa, alioutunga mwaka mzima, ulikuwa umeharibiwa. Usiku wa kwanza, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, aliuacha na ziwa shwari, hata bibi asiyewahi kushika kompyuta aweze kucheza. Sasa ni dhoruba tupu, mtumbwi unazama hata wavu hujatupa. Nakala ya akiba nayo haipo. Na saa nane wageni wa shirika la wakimbizi wanakuja kuukagua, wakiupenda uende kambini kuchezwa na wakimbizi, wakubwa kwa wadogo. Wakiukataa, Safina anarudi kuuza mawese sokoni.

Sajenti Veneranda wa polisi alifika taratibu, maana huyo hata nyumba iungue hakimbii. Mlango haukuvunjwa. Ufunguo wanao wasaidizi wawili tu, na wote Safina amewafundisha kubadili mchezo: Anatoli, mkimbizi aliyekuwa mvuvi kule Rumonge, Burundi, na Leodgar wa Simbo, kijiji cha wakulima wa mihogo mbali na ziwa, bingwa wa michezo tangu shuleni.

"Muulizeni huyo wa kuja," alisema Leodgar. "Juzi kashuka Kagunga na wakimbizi wenzake, leo ana ufunguo!"

Anatoli aliinamisha kichwa. Aibu ilimchoma, jamani, na hana kosa.

Veneranda alikaa kucheza. Akazama, akazama tena. "Nichezee wewe, mwanangu," alimwambia Safina. Safina akapenya dhoruba kwa shida, na hapo kioo kikajaa mwanga: mwezi mpevu, dagaa tele wanarukaruka kuzunguka karabai.

"Huu mwezi uliuweka wewe?"

"Hapana, afande!"

Sajenti akawaita wasaidizi uani, mmoja mmoja, kwa swali lile lile: usiku wa dagaa wengi ni upi?

"Wa giza totoro," alijibu Anatoli. "Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti. Tunabaki nchi kavu kushona nyavu."

"Wa mwezi mpevu," alijibu Leodgar. "Si unaona unakokwenda?"

Veneranda akamrudisha ndani, akamwonyesha kioo. "Mtu wa ziwani hakosei hili hata usingizini. Usiku huu kautunga mtu wa mihogo."

Leodgar akalipuka. "Ndiyo, mimi! Mchezo ambao bibi anashinda ni mchezo gani? Mabingwa wenzangu watanicheka!"

"Dhoruba zako nimeziweka huko mbele, usiku wa thelathini," Safina alisema huku machozi yakimtoka. "Nani kakuzuia kufika? Wewe umetaka wenzio wazame mlangoni. Na ukamsingizia Anatoli!"

Nakala ya akiba ilikuwa kwenye flashi mfukoni mwa Leodgar. Aliirudisha mwenyewe kwenye kompyuta, kisha akafuatana na sajenti kituoni.

Saa nane wageni walitaka mtu asiyejua kitu ajaribu. Safina akamkalisha mama yake Anatoli, bibi aliyekuwa amekuja na mwanawe. Bibi akabonyeza kwa woga, kwa kidole kimoja, wavu ukapanda umejaa, akapiga vigelegele na kucheka mpaka kitenge kikamdondoka.

Anatoli alitoka nje kulia. Tangu wavuke ziwa hajamsikia mama yake akicheka.

"Tunauchukua," alisema mkubwa wa wageni, akaomba na yeye zamu. Bibi alikataa kumpisha kiti.