Sauti Iliyoomba Milioni Tatu

Harufu ilianza Jumanne asubuhi, na Gwalugano akadhani ni ndoo ya kudekia. Aliisugua kwa sabuni, akaianika juani. Harufu ikabaki. Ilikuwa ya maganda ya kahawa yaliyolowa na kuoza, kama yale ya kwao Ihanda wakati wa mavuno. Lakini hapa ni Tunduma mjini, ndani ya ofisi ya mikopo ya Damiano, ambako hata kikombe kimoja cha kahawa hakikuwamo.

Kazi yake pale ilikuwa kufagia, kupika chai na kunyamaza. Miaka miwili aliwatazama watu wakiketi mbele ya meza ile na kujitia kitanzi: huyu kakopa anunue simu, yule kakopa alipe mkopo mwingine. Moyo ulimuuma. Lakini alikuwa na watoto watatu wa kulisha, akafunga mdomo.

Siku hiyo aliingia mkulima mmoja kutoka Ileje akitaka laki tatu za mbolea. Harufu ikazidi. Mkulima akakohoa, akafungua kinywa, na sauti nzito isiyo yake ikasema, "Milioni mbili." Alishtuka mwenyewe, akashika koo. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kusaini.

Kufikia Alhamisi, yalikuwa yamewakuta watu tisa.

"Bosi," Gwalugano alinong'ona, "humu ndani kuna kitu."

"Chai, Mama Nsajigwa," Damiano alijibu bila kuinua uso, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Jasho lilimtiririka, na asubuhi ile watu walikuwa wamevaa makoti.

Ijumaa akaingia Atupele, mdogo wake Gwalugano, amekumbatia bahasha. Ndani mlikuwa na hati ya shamba la kahawa walilorithi kwa baba yao.

"Dada, nataka laki nne tu. Ada ya mtoto."

"Njoo nje kwanza tuongee."

"Tutaongea nikimaliza."

Atupele akaketi. Gwalugano, aliyesimama mlangoni na birika, akasikia miguu yenye majimaji ikiburutwa juu ya saruji kavu, chap, chap, ikitoka nyuma ya kiti cha Damiano, ikizunguka meza, na harufu ikamjaa kooni mpaka machozi yakamtoka, na shingo ya mdogo wake ikainama kana kwamba mtu amempanda mgongoni, na kinywa chake kikafunguka taratibu, kikapanuka kupita kinywa cha binadamu, na ile sauti nzito ikasema, "Milioni tatu."

Birika likaanguka. Gwalugano alimkamata mdogo wake kwapani, akamburuta hadi nje, huku vidole vya Atupele vikiendelea kusaini hewani.

Alimpeleka moja kwa moja kwa Mama Restuta, mwombeaji wa kanisani kwao, mwanamke asiyepaza sauti hata akiudhiwa. Mama Restuta alisikiliza yote, akavaa viatu, wakarudi ofisini watatu.

"Umetumwa na nani?" aliuliza mbele ya meza.

Kilichojibu ni kinywa cha Damiano. "Sikutumwa. Nilikopeshwa."

"Kwa dhamana gani?"

Damiano akaanza kulia, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Mercy. Binti yangu. Biashara ilikuwa inakufa, mama. Mganga mmoja alinikopesha kitu hiki kwa miezi sita. Nilijua nitamkomboa kabla ya muda kwisha."

"Imebaki mingapi?"

"Iliisha Jumatatu."

Walimkuta Mercy chumba cha nyuma, ambacho Damiano alikuwa amekifunga tangu Jumatatu, ameketi sakafuni, anatabasamu peke yake, kucha zikikwaruza saini ukutani mpaka damu. Waliomba tangu adhuhuri hadi jua likainama, na kile kitu kikawacheka kwa kinywa cha mtoto. Ndipo Mama Restuta alipomgeukia baba.

"Wewe ndiye uliyemfungulia mlango. Achilia ulivyovishika."

Damiano akaleta hati zote za watu, akazimwaga sakafuni. "Simdai mtu," alisema. "Simdai mtu yeyote tena." Mercy alipiga ukelele mmoja, kioo cha dirisha kikapasuka, hewa ikawa safi. Mtoto akaomba maji.

Kesho yake watu walijaa pale kuchukua hati zao. Walilia, wakapiga vigelegele. Gwalugano alisimama mlangoni, amemshika Atupele mkono, akaona kwamba hakuna aliyekuwa akiondoka. Walisimama kando ya barabara, hati mikononi, wakitazama upande wa pili, kwenye ofisi nyingine ya mikopo.

Yule mkulima wa Ileje alimsogelea, mpole, na sauti yake ilikuwa yake kabisa.

"Mama, samahani. Zile milioni mbili zimekwisha, na mbolea sijanunua. Wale wa pale ng'ambo, riba yao ikoje?"

Gwalugano akiwa bado anamtazama, akahisi mkono wa mdogo wake ukichomoka polepole kutoka katika wake.