Randa ya Chuma ya Kakontwe

Asubuhi moja Colette alikuta vumbi la chuma chini ya kucha zake. Alinawa kwa sabuni, akasugua kwa gunzi la hindi, na vumbi likabaki palepale, la kijivu, kama la mtu aliyeshinda karakana. Naye hakuwa ameingia karakana wiki nzima. Alikuwa amepika, amefua, amelala.

"Banza, angalia," alimwambia mumewe akimnyooshea vidole. "Minye nilishika chuma wapi?"

Banza alitazama huku akifunga kamba za viatu. "Labda ni nguo zangu. Unazifulaka kila siku."

"Labda," Colette akasema, akakaa tena kitandani. Ndiyo kwanza alikuwa ameamka, na tayari alikuwa amechoka.

Banza alikuwa fundi wa vinu vya mahindi mtaa wa Kikula, mjini Likasi, na karakana yake ilipakana na nyumba. Kinu kikivunjika puli au shafti, kililetwa kwake. Kwa miaka mingi alichonga kila kitu kwa tupa, akiwa amesimama, mpaka mgongo ukawa haunyooki jioni. Ndiyo maana aliposikia kwamba Alexis, fundi wa zamani kule Kakontwe, anatoa mashine bure, alikwenda na mkokoteni na wanaume wa kuusukuma.

Ilikuwa randa ya chuma, ile ambayo mafundi wa huku wanaiita raboteuse. Kichwa chake kirefu kinakwenda mbele na kurudi nyuma, na kisu kilichofungwa mwishoni kinaparua chuma kama seremala anavyoparua ubao. Alexis alikuwa ameitupa nyuma ya nyumba, ikaota kutu, kuku wakawa wanatagia chini yake. Hakuomba kitu. Alisaidia kuipandisha, kisha akafunga geti kabla Banza hajamaliza kushukuru.

Banza alihangaika nayo msimu mzima wa mvua. Alisugua kutu kwa mafuta ya taa, akasuka upya mota kwa waya wa shaba, akajaza kwa kulehemu meno ya gurudumu yaliyovunjika. Siku ilipowaka, wiki chache kabla ya asubuhi ile ya vumbi la kucha, ilitoa harufu ya mafuta ya moto, na ndani ya harufu hiyo nyingine, ya jasho la mtu aliyefanya kazi mchana kutwa bila kuoga. Kichwa kikaanza kwenda na kurudi. Kilipokwenda kilitoa sauti kama mtu anayevuta pumzi kwa mdomo, na kiliporudi kama mtu anayeishusha.

Jioni ile Banza alizima mashine, akajinyoosha. Mgongo haukuuma. Mabega yalikuwa mepesi kana kwamba ametoka kulala. Alikwenda nyumbani akiimba kidogo, jambo ambalo Colette hakuwa amelisikia kwa miaka, na alimkuta Colette amekaa chini karibu na mbabula ya makaa, bukari haijasongwa, mikono imelala mapajani.

"Sijue niko na nini," Colette alisema. "Nashindwa kuinua mwiko."

Walidhani malaria. Kwenye dispensari walipima damu, hawakuona kitu, wakampa vitamini. Lakini wiki baada ya wiki Colette alikauka. Macho yake yalizama. Nywele zake, alipozichana, zilidondosha vipande vidogo vya chuma vilivyojikunja. Banza naye alinawiri. Alipokea vinu mpaka kutoka Kambove, alisimama mbele ya mashine tangu asubuhi mpaka giza, na hakuna kiungo kilichomuuma.

Mchana mmoja Banza aliingia ndani kuchukua kipimo cha chuma alichosahau, akiwa ameiacha mashine inaparua peke yake. Colette alikuwa amelala kwenye mkeka. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukinyooka mbele polepole, ukirudi kifuani, ukinyooka tena. Banza alisimama mlangoni akisikiliza mashine upande wa pili wa ukuta, na alipotambua kwamba mkono unakwenda nayo pamoja, na kwamba pumzi ya mkewe pia inakwenda nayo, ikivutwa kichwa kikienda na kushushwa kikirudi, alirudi nyuma hatua moja. Hata hivyo alichukua kipimo chake, akarudi kazini. Alijiambia ni macho tu.

Kisha kabini ya umeme ya mtaa, ile yenye transfoma, iliungua, wakakaa gizani siku kadhaa. Mashine ilisimama. Siku iliyofuata Colette aliamka mwenyewe, akafagia uwanja. Siku nyingine akaenda sokoni, akarudi na samaki wa mto Lufira, akamtania Banza kwa namna anavyokaa bila kazi kama kuku anayetaga. Banza ndiye aliyekuwa anashika kiuno.

Umeme uliporudi, kulikuwa na puli ya mteja inasubiri. Banza aliwasha. Nje, ndoo ilianguka.

Alimkuta Colette kifudifudi kwenye tope la maji aliyoyamwaga, macho wazi, mkono wa kulia ukinyooka na kurudi, ukichora mfereji kwenye udongo. Alikimbia akazima. Mkono ukatulia. Colette akamtazama. Banza akambeba, akamlaza ndani, akamfunika. Alikaa naye kidogo. Halafu akafikiria puli, na mgongo wake uliokuwa unawaka moto tangu umeme ulipokatika, na ile raha iliyokuwa imemgusa mabegani kwa muda mfupi mashine ilipoanza. Kipande kilichobaki kilikuwa kidogo tu. Akarudi, akawasha, akamaliza.

Alipoingia tena ndani, Colette alikuwa na midomo mikavu.

"Uliwasha tena," alisema kwa sauti ya chini. "Nilisikia."

"Ndiyo."

Colette aligeuza uso ukutani.

Kesho yake Banza alikwenda Kakontwe kwa miguu, kwa sababu alitaka achoke. Alexis alimpokea getini, hakumwalika ndani.

"Ni nani anaumia?" Alexis aliuliza.

"Bibi yangu, Colette."

"Kwangu ilikuwa mama. Minye nilichelewa kuelewa." Alexis aliangalia vidole vyake. "Na minye nilipewa bule. Ile kintu haiuzwake. Weye ulikuya na mukokoteni, minye nikanyamaza. Nisamehe, ama usinisamehe. Siku ile nilipata usingizi kwa mara ya kwanza."

Banza aliligeuzia geti mgongo. Alirudi Kikula na kwenda kwa Mama Germaine, anayeuza makaa sokoni na kuwaombea wagonjwa pamoja na kikundi cha sala cha parokia. Mama Germaine alisikiliza yote, pamoja na maneno ya Alexis, akafunika magunia yake, akamfuata. Alipofika aliomba kiti na kikombe cha maji, kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba. Kisha akaweka rozari kwenye paji la Colette, akaanza kusali kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma bei.

Harufu ya mafuta ya moto na jasho ikajaa chumbani. Umeme ulikuwa umekatika tena, Banza alijua, taa ilikuwa haiwaki. Lakini upande wa pili wa ukuta mashine ikaanza kuvuta pumzi na kuishusha, na mkono wa Colette ukanyooka na kurudi, na mdomo wake ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mzee, iliyokwaruzwa, isiyo na hasira hata kidogo.

"Nachoka," ilisema.

"Weye nani?" Mama Germaine aliuliza.

"Ni minye nafanyaka kazi ya ile machine."

"Toka ku huyu mwanamuke."

"Niende wapi? Bwana yake anakula mapumuziko, kuchoka kunabakia. Kuko kwingi, siwezi kubeba minye peke. Munipe muntu mwingine wa kunisaidia."

Mama Germaine alijifuta uso kwa kitenge. Alionekana kama mtu ambaye angependa kwenda nyumbani.

"Umesikia, baba," alimwambia Banza. "Iko njia mbili. Upeane ile machine bule, sawa vile ulipewa, na huyu atakwenda nayo ku nyumba ya wengine. Ama weye mwenyewe useme kwa kinywa yako kwamba kuchoka ni kwako, kurudie kwako. Yote."

Banza alitazama mkono wa mkewe.

"Ni kwangu," alisema kwa shida. "Ni minye nilifanya ile kazi. Kurudie."

Kuchoka kukamjia kwanza magotini, akakaa chini bila kutaka, kisha mgongoni, kila puli na kila shafti, kila asubuhi aliyosimama na kila jioni aliyorudi akiimba, zikimwingia moja juu ya nyingine mpaka kope zake zikawa nzito kama chuma, mpaka ulimi ukashindwa kugeuka, mpaka akasahau jina la mtaa wake, na jambo la mwisho aliloona kabla ya kuanguka lilikuwa Colette akiinuka kwenye mkeka, akimwita.

Hakufa. Alilala mpaka majirani wakaja kuuliza matanga ni lini. Alipoamka hakuweza kushika kijiko, Colette akamlisha. Sasa ni Colette anayepiga tupa karakanani, naye Banza anakaa kwenye kiti akimwelekeza, maneno machache kwa siku. Jioni Colette hurudi akijikanda kiuno.

"Unachoka?" Banza humuuliza.

"Nachoka. Lakini hii ni yangu."

Mashine waliifunika kwa turubai kwenye kona. Nyundo haikuivunja, na wanunuzi wa vyuma chakavu waliigusa wakaondoka bila kusema kwa nini.

Juzi, mchana, Colette akiwa sokoni, kijana mmoja alipita, Rolly, fundi wa baiskeli, pamoja na mkewe Marlène aliyebeba mtoto mchanga mgongoni.

"Papa Banza," Rolly alisema kwa heshima, "banasema muko na raboteuse na hamuitumikishe. Hatuko na kitu. Mungeweza kutupatia?"

Banza alifungua mdomo. Papo hapo mabega yake yakawa mepesi. Magoti yakaacha kuuma, mgongo ukanyooka wenyewe kwenye kiti, na hewa ikaingia kifuani kama maji baridi. Chini ya turubai, kitu kilivuta pumzi, kikaizuia, kikingoja. Marlène alimtabasamia mzee huyu aliyepata nuru usoni ghafla, akampapasa mtoto mgongoni.

"Hapana," Banza alisema. "Haipeanwe."

Uchovu ukamshukia wote kwa mara moja, kama gunia la makaa linalotupwa mabegani. Chini ya turubai pumzi ikashushwa, taratibu. Rolly alishukuru, akasema labda wapite tena mwezi ujao, kama papa atakuwa amebadilisha mawazo.