Mvua ya Redio Ilifika Kapsabet

"Usiondoke, mpenzi. Huisikii mvua hiyo?" Kemunto alisema kwenye kipaza sauti.

Nyuma yake Kipchumba akainamisha sinia la bati. Njegere kavu zikateremka taratibu, na mvua ikanyesha ndani ya ukumbi mdogo wa Stechford, Birmingham, bila tone la maji. Haki ya Mungu, ungekuwa umeanika nguo ungekimbia kuzianua.

Siku hiyo Redio Jirani, redio ndogo ya mtaa inayosikika kwa mtandao popote duniani, ilikuwa imeamua kutangaza kutwa nzima kama walivyotangaza watu wa miaka mia moja iliyopita. Kipaza sauti kimoja. Hakuna kurekodi, hakuna kukata. Mtangazaji avae vizuri kama anaenda kanisani, ingawa hakuna anayemwona. Sauti za mvua, farasi na milango zitengenezwe kwa mikono. Na baada ya kila kipindi, dakika tatu za kimya, kipaza sauti kikiwa wazi, msikilizaji asikie saa ya ukutani tu.

Mwenye wazo hilo alikuwa Mzee Sukhdev, Kalasinga wa Nakuru, fundi mstaafu wa redio, mbishi wa kutupwa. Sheria yake ilikuwa moja: "Kilichoandikwa kinasomwa vile kiko."

Mchezo wa kuigiza wa mvua ukaisha, kimya kikaanza. Kipchumba akamvuta Kemunto kwa kidole hadi kwenye korido.

"Umesikia mvua yangu?"

"Nimesikia! Nusura nifungue mwavuli."

"Dada yangu na mtoto wake Jelagat wanasikiliza kule Kapsabet. Niliwaambia wakisikia mvua wajue ni mimi."

"Basi wifi angetuma salamu, jamani!"

"Ah, salamu zilifungwa Ijumaa." Akambusu kwenye paji la uso. "Na saa kumi utasoma lile tangazo letu. Utaweza bila kulia?"

"Nitalia, na watanisamehe."

Angekosaje kulia? Kemunto alikuwa nesi, miaka thelathini na sita. Kila harusi ya Wakenya wa Birmingham alikuwa amehudhuria akiwa msimamizi, mpishi, au mshika mkoba wa bibi harusi. Sasa zilibaki Jumamosi tatu aolewe yeye. Ukumbi umepatikana, gauni limeshonwa, mama yake kule Nyamira ametangazia kijiji kizima. Kilichobaki ni kusoma tangazo redioni, saa kumi, kwa sauti yake mwenyewe.

Huyo wifi hakuwa amewahi kuongea naye. Kipchumba alisema ni mtu wa haya, tena mjane. Babake Jelagat alikufa kwa ajali mtoto akiwa tumboni. Kemunto alipolisikia hilo alimnunulia mtoto viatu vya shule, jozi mbili, akatuma. Ndivyo alivyo. Moyo wake hauna mlango.

Kipchumba akarudi kuokota njegere zilizotapakaa chini. Kwa hiyo hakumsikia Mzee Sukhdev akimwambia Kemunto:

"Mama, kadi za salamu ni kumi na moja tu, na kipindi ni nusu saa. Tutakwama! Nimefungua simu ya redio, watu watume sasa hivi. Mimi nitanakili kwa kadi, wewe soma."

"Haya, Mzee. Wewe andika, mimi nasoma."

Salamu ni salamu, hata Ulaya. Mtu anajitaja jina, anataja anaowasalimu mmoja baada ya mwingine, na mwisho anaacha ujumbe. Kemunto akasoma za Sparkbrook, akasoma za Kings Heath, akamcheka jamaa mmoja aliyesalimu watu ishirini na kumsahau mkewe. Ukumbi ulikuwa na watu kama thelathini, wote wa kanisani au wa mtaani, na wote wakacheka bila sauti kwa sababu ya kipaza sauti.

Mzee Sukhdev akamsogezea kadi mpya, wino bado mbichi.

"Kadi hii inatoka Kapsabet, kwa Mama Jelagat," Kemunto akasoma, na uso ukamng'aa. Wifi! Kumbe ana haya ya nini? "Anasema: nawasalimu watangazaji wote wa Redio Jirani. Salamu za pekee zimwendee..."

Macho yake yakarudi mwanzo wa mstari.

Mzee Sukhdev akagonga meza kwa kidole. Soma vile kiko.

"...zimwendee mume wangu Kipchumba, Baba Jelagat, hapo hapo studioni. Tumeisikia mvua yako vizuri sana. Jelagat anauliza: Baba, umelowa?"

Hakuna aliyecheka. Watu wote thelathini waligeuza shingo kumtazama Kipchumba, aliyekuwa amepiga magoti na njegere viganjani.

Kemunto alitaka kupiga nduru. Lakini mahali fulani, maili elfu nne kutoka hapo, kulikuwa na mtoto wa miaka saba ametega sikio kwenye simu ya mamake, anangoja jibu. Sasa mtoto amekosa nini?

"Jelagat," alisema polepole. "Baba hajalowa, mwanangu. Yuko hapa, mkavu kabisa. Na ujumbe wa Mama Jelagat ni huu: mvumilivu hula mbivu. Huo ndio mwisho wa salamu."

Kisha kimya. Dakika tatu kwa sheria, na saa ya ukutani ikigonga. Hakuna ruhusa ya kusema, kulia wala kukohoa. Kemunto aliketi mezani, Kipchumba hatua nne kutoka kwake, na katikati yao kipaza sauti kiko wazi. Simu ya Kemunto ikamulika mapajani, ujumbe wa Kipchumba.

"Kemu, si vile unafikiria."

Akaandika: "Jelagat ni nani wako?"

"Tutaongea nyumbani."

"Jelagat ni nani wako?"

"Mtoto wangu."

"Na dada yako?"

Akaona anaandika, anafuta, anaandika.

"Ni mamake."

"Ulisema babake alikufa."

"Ningekuambia ukweli ungenikubali?"

Machozi yakamtoka Kemunto bila sauti. Yalimshuka hadi kidevuni, yakadondokea kadi ya salamu, na wino wa Mzee Sukhdev ukaanza kutawanyika.

Kwaya ya akina mama iliposimama kuimba, Kemunto alitoka hadi kwenye korido kama mtu aliyekuwa amezama. Kipchumba akamfuata mbio.

"Nisikilize kwanza, mpenzi."

"Mpenzi nani? Umejiua, Kipchumba! Ulijiua mwenyewe kwa ajali, nikakulilia! Nikamnunulia yatima wako viatu!"

"Punguza sauti, watu wanasikia."

"Watu? Kapsabet imesikia! Umemwoa lini?"

"Zamani. Tulikuwa watoto."

"Mlitengana?"

Kipchumba akatazama ukuta.

"Nimekuuliza, mlitengana?"

Kabla hajajibu, Mzee Sukhdev akatokea na simu ya redio mkononi. Masikini mzee wa watu, alikuwa kazini mwake, hakujua alichokiandika. Yeye Kipchumba alimjua kwa jina la Eric, na jina lile kwenye kadi kwake lilikuwa jina tu.

"Mama, kuna dada wa Kapsabet. Anataka kumshukuru mtangazaji."

Kipchumba akanyoosha mkono. Kemunto alikuwa mwepesi zaidi. Akapokea, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Hallo, dada mtangazaji? Asante sana jamani! Jelagat anarukaruka hapa, eti ametajwa Ulaya!"

"Karibu, Mama Jelagat."

"Una sauti tamu! Unaitwa nani?"

"Kemunto."

"Ai! Kama yule shosho!"

"Shosho gani?"

"Si Shosho Kemunto, yule mgonjwa anayetunzwa na Baba Jelagat. Huyo wa miaka themanini. Si anaishi kwake, anamwosha, anampikia uji? Ndiye alimnunulia Jelagat viatu. Dada, ukimwona umwambie tunamwombea kila jioni, Mungu amwongeze siku."

Miaka themanini! Kemunto alimtazama mwanamume aliyekuwa akimpikia chai kila asubuhi, na mwanamume yule akatazama viatu vyake. Angalau angemfanya wa sitini.

"Mama Jelagat, mtoto yuko karibu nawe?"

"Yuko hapa."

"Mpeleke kwa jirani kidogo."

"Kwani kuna nini? Baba Jelagat ameumia?"

"Hajaumia. Mpeleke tu, dadangu. Nakungoja."

Wakasikia mlango, wakasikia sauti ya mtoto ikilalamika na kufifia. Mama Jelagat aliporudi alikuwa anahema.

"Sema."

"Mimi ndiye Kemunto. Hakuna mwingine. Sina miaka themanini, nina thelathini na sita, na wala siumwi. Baada ya Jumamosi tatu nilikuwa niolewe na mume wako."

Kiti kikakwaruza sakafu kule Kapsabet.

"Ulijua?"

"Niliambiwa wewe ni dada yake. Niliambiwa babake Jelagat alikufa."

"Alikufa?" Sauti ikapanda. "Amenifanya mjane? Na mimi hapa nimemtunzia mamake miaka minne! Nimemlimia! Mpe simu."

Kipchumba akaipokea kwa mikono miwili, akageukia dirisha, na sauti yake ikalainika ghafla.

"Mama Jelagat, tulia. Hayo ni mambo ya kutafuta visa tu. Huyo ni wa makaratasi. Moyo wangu uko kwako peke yako, hata Mungu anajua."

Maneno hayo Kemunto aliyafahamu. Aliambiwa hayo hayo Kings Heath, mbele ya duka la maua, siku ya kuvishwa pete, kwa sauti hiyo hiyo laini na mahali hapo hapo pa kuvuta pumzi kabla ya kumtaja Mungu. Alikuwa ameyaandika kwenye kitabu chake cha maombi. Mpaka dakika ile alikuwa akijiambia kwamba pengine alimdanganya kuhusu mke lakini hakumdanganya kuhusu mapenzi. Sasa hata hilo likaondoka.

Simu ikakatwa kutoka Kapsabet. Kipchumba akageuka.

"Kemu, ilibidi niseme hivyo. Nilikuwa namtuliza."

"Na mimi ulikuwa unanituliza?"

"Wewe nakupenda! Sikiliza, visa yangu inaisha mwezi ujao. Watu wamealikwa. Mama yako amealika kijiji. Soma tangazo, tuoane, halafu haya mengine tutayapanga polepole. Unataka uonekane kichekesho?"

Hapo ndipo alipomkosea hesabu. Kemunto angeweza kulia wiki nzima, na alilia kweli baadaye, wiki tatu, mpaka wenzake wodini wakamshikia zamu za usiku. Lakini kutishwa na aibu ambayo si yake, hapana.

"Nilikupenda, Kipchumba," alisema. "Nataka ulijue hilo vizuri. Nilikupenda kama mjinga, na sijuti kupenda. Najuta ni wewe."

Akarudi ndani. Mzee Sukhdev, aliyekuwa ameshaelewa, alisimama na kilemba chake kimekaa upande.

"Mama, mimi nimeharibu. Ningejua..."

"Mzee, hujaharibu kitu. Umeniokoa na hujui."

"Tangazo la saa kumi tuliache. Nitasoma hali ya hewa."

"Sheria yako inasemaje?"

Mzee akasita. "Kilichoandikwa kinasomwa."

"Basi nipe kalamu."

Akaandika amesimama. Simu yake ikamulika, ujumbe kutoka nambari ya Kapsabet. Mzee ndiye aliyekuwa amempa Mama Jelagat nambari ya Kemunto alipopiga tena simu ya redio.

"Mtoto bado kwa jirani. Mimi nasikiliza. Usinionee huruma, sema yote."

Saa kumi kamili kwaya ikaketi. Kemunto akanyoosha koti, akafuta uso, akasogelea kipaza sauti. Kipchumba alisimama karibu na sinia lake. Uso wake ulikuwa na tumaini, mjue. Mpaka hapo alidhani atasomewa harusi.

"Hapa ni Redio Jirani. Haya ni matangazo. Tangazo la kwanza. Harusi ya Kemunto na Kipchumba, iliyokuwa ifanyike baada ya Jumamosi tatu, haipo. Bwana harusi ana mke na mtoto, na mke wake yu hai, na yeye mwenyewe yu hai. Bibi harusi hakujua. Mke wake pia hakujua. Ndugu zangu, kama kuna atakayetaka kumsema yule dada, aje aniseme mimi kwanza."

Akavuta pumzi. Akina mama wa kwaya walikuwa wanalia waziwazi.

"Mama, kama unanisikia huko Nyamira, usivae kanga ya msiba. Sijafa. Nitakupigia jioni. Na kwa wote mlioalikwa, ukumbi upo na pilau itapikwa vilevile, kwa sababu mchele na nyama havikumdanganya mtu. Njooni mle."

"Kemu, tafadhali!" Kipchumba akapaza sauti. "Usinifanyie hivi, Kemu, mbele ya watu!"

Kutwa nzima alikuwa mvua, farasi na mlango. Sasa sauti yake mwenyewe ilikwenda hewani kwa mara ya kwanza, Stechford mpaka Nyamira mpaka Kapsabet, na hakukuwa na wa kuikata.

"Huyo mliyemsikia ndiye bwana harusi," Kemunto alisema. Akageuza karatasi. "Tangazo la pili."