Mwili wa Ensio Mezani

Jumamosi moja mchana, theluji ikianguka taratibu juu ya mji wa Kuopio, Marjukka aliweka kompyuta mpakato kwenye meza ya jikoni karibu na birika la kahawa, akaanza kusoma. Jumatatu alikuwa na mtihani wa majina ya kitabibu. Akifeli, hapati kazi ya ukarani hospitalini.

Somo lilikuwa mtandaoni. Ulipewa umbo la mtu, ndani likiwa tupu kama gunia, na pembeni viungo vyenye majina ya Kilatini. Ulivuta kila kiungo kwa kidole hadi mahali pake. Ili kumbukumbu ishike, mwanafunzi aliruhusiwa kuweka juu ya umbo hilo picha ya mtu anayemfahamu. Marjukka aliweka ya mumewe, Ensio, ameketi kwenye ngazi za sauna, chumba chao cha kuogea mvuke, akimtazama mpiga picha, taulo kiunoni.

Ensio alichungulia. "Bibie, umekosa picha yangu ya ujana? Na hiki kitambi kwa Kilatini kinaitwaje?"

"Kinaitwa mikate ya iliki. Nenda, mzee, nisome."

Akaenda kujilaza sebuleni, bado anacheka.

Marjukka akavuta ini upande wa kulia wa kioo. Moyo, kushoto. Wengu, kushoto pia. Akaridhika.

Sebuleni ukasikika mlio, kama mguu unaochomolewa topeni. Kisha ikaja harufu ya supu ya samaki iliyochacha.

"Marjukka," Ensio aliita kwa sauti ya chini. "Kuna kitu kinatembea ndani yangu."

Alimkuta amefunua shati. Chini ya ngozi, uvimbe mkubwa kama mkate ulikuwa ukihama polepole kutoka mbavu za kulia kwenda za kushoto, ngozi ikijikunja mbele yake kama utando wa maziwa. Ulipopita kitovuni, kitovu kilifunguka, kikatema ute wa kahawia, kikajifunga. Moyo wake ulikuwa ukidunda chini ya chuchu ya kulia.

Marjukka alirudi mezani mbio. Akaitazama picha, akaelewa. Mgonjwa anakutazama. Kulia kwake ni kushoto kwako. Ndilo kosa ambalo walimu walikuwa wakiwaonya kila siku.

Akaviondoa viungo vyote, akaviweka pembeni ili aanze upya. Sebuleni Ensio akanyamaza. Hata pumzi haikusikika.

Moyo kwanza. Mlio wa tope. Mapafu. Mlio. Ini. Wengu. Figo. Utumbo uliingia kwa kujinyonganyonga. Kioo kilianza kuteleza. Kidole kilinata. Hakutazama kilikuwa kinanata kwa nini.

Kilibaki kifuko kimoja kidogo cha kijani. Ensio akakohoa, akaanza kutapika. Marjukka akafunga kifuniko cha kompyuta, akakimbia.

Alimkuta anatapika nyuzi za povu la njano, ndefu, zisizokatika. Alizivuta kwa mikono yake mwenyewe hadi zikaisha. Kisha akalaza sikio kifuani, kushoto, katikati ya uchafu ule. Moyo ulikuwepo.

Hospitalini daktari alimpiga Ensio picha za ndani ya mwili na kuzikagua kwa muda mrefu. Akasema kila kitu kipo mahali pake na moyo ni mzuri. Ensio akamshika mkewe mkono.

"Ila niambie, mzee," daktari aliuliza. "Mfuko wa nyongo ulitolewa lini?"

Ensio alisema hajawahi kupasuliwa. Daktari akampapasa tumbo akitafuta kovu. Hakuliona. Akarudi kuzitazama picha.

Waliporudi nyumbani, Ensio alisimama mlangoni akivua viatu, akauliza ni nini kinachonuka. Kompyuta ilikuwa pale pale mezani, lakini kifuniko hakikuwa kimefunga sawasawa. Kitu laini kilikuwa kimekiinua, na maji ya kijani yalikuwa yakidondoka kwenye kitambaa cha meza.

Marjukka akafunua.

Kilikuwa kidogo, umbo la peari, juu ya vitufe. Kilikuwa na joto bado. Kilikuwa kikijikaza na kulegea.