Shamba Lililobaki Kijani

Fukochuma lilizama kwenye udongo wa uwanda wa Basotu bila kuacha shimo. Lilikuwa mashine nyembamba kama mkono, na pua yake ya kioo ilisoma mizizi ingali ardhini, mmea kwa mmea. Juu, Daktari Elitruda Tluway alitazama picha zikimiminika kwenye kibao chake. Kuvu la mizizi lilikwisha kuua aina thelathini na nane za ngano. Kila picha ilikuwa ileile: mizizi myeusi, laini kama ugali uliolowa.

Isipokuwa kwa Mama Anastela, mjane mwenye ekari mbili mlimani. Ngano yake ilikuwa kijani. Elitruda alilielekeza fukochuma huko.

Picha zilipofika, alikaa chini. Mizizi ya ngano ile nayo ilikuwa imeoza. Lakini kila mzizi ulipokufa, mmea ulichipua mwingine, upesi kuliko kuvu lilivyoweza kuula. Aina ile haikulishinda kuvu, ililivumilia. Na kwa kulivumilia, ilililisha. Udongo wake ulijaa vijimbegu vya kuvu mara sitini zaidi ya mashamba yaliyokufa, na kila mvua iliviteremsha kwa majirani.

Ubongo wa Kilimo, akili mnemba iliyosimamia uwanda mzima, uliona picha hizohizo.

"Chanzo kimepatikana," kibao kilisema. "Udongo wa shamba hilo utachomwa leo saa tisa alasiri."

"Ndiyo ngano pekee iliyobaki! Nipe miezi miwili tuvune."

"Mvua itanyesha baada ya siku nne."

Elitruda alitafuta kwenye kibao mahali pa kupinga amri. Hapakuwapo.

Alimkuta Mama Anastela akipalilia.

"Umefuata mbegu, mwanangu? Nitawagawia wote."

"Mama, ngano yako inaumwa."

"Hii?" Alicheka. "Hebu iangalie basi."

Elitruda alimweleza yote. Mama Anastela aliegemea jembe, akatazama bondeni, kwenye nyumba tupu ya Bura, jirani aliyehama na wanawe baada ya shamba lake kufa.

"Kwa hiyo Bura nilimfukuza mimi?"

Elitruda naye aliitazama nyumba ile.

"Na mkishachoma, tutapanda nini?"

"Sijui, mama."

Mashine ya kuchoma udongo ilichomoza kwenye kilele, ikashuka taratibu. Mama Anastela akarudia kupalilia. Elitruda aliinama, akang'oa magugu kando yake, mpaka joto likawatoa wote wawili shambani.